Mtoto Aanzapo Shule: Rafiki wa Kwanza

SABATO ALASIRI

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: 1 Samweli 1:20–28, 2:18–26, Mhubiri 4:9–12, Danieli 1, Mathayo 11:16, 17, Luka 2:41–52, Mambo ya Walawi 19:33, 34, 1 Samweli 20:41, 42.

Fungu la kukariri: Mithali 17:17. Kila mwanadarasa alisome katika Biblia yake mwenyewe, kisha watoto waliopo wafundishwe nusu yake ya kwanza.

Kila mwezi Januari, mvua ikiwa imeshika na mahindi yakidai palizi, wilaya ya Chunya huwatoa watoto wake wadogo nyumbani na kuwapeleka shule. Utawaona asubuhi wakiwa na sare iliyonunuliwa kubwa kusudi ivaliwe miaka miwili, viatu vyenye tope, na fagio mkononi kama mwalimu alivyoagiza. Tangu Januari 2016, serikali ilipoondoa michango ya lazima katika shule zake za msingi, madarasa ya chini yamejaa. Chumba kimoja chenye watoto 80, 100 au zaidi si jambo la kushangaza.

Wazazi huuliza kama mtoto atajua kusoma, kuandika na kuhesabu, na wanaulizia jambo jema. Lakini mtoto mwenyewe, usiku ule wa Jumapili kabla ya kufungua shule, ana swali lake moja tu: nitacheza na nani? Mara nyingi halisemi. Anasema tumbo linamuuma.

Juma hili tunajifunza juu ya swali hilo la mtoto. Wengine wataona ni dogo mno kwa darasa la watu wazima. Waombwe wavumilie hadi Jumatano kabla ya kuhukumu.

JUMAPILI: Je, Si Mapema Mno?

Soma 1 Samweli 1:20–28 na 2:18–26. Samweli alikuwa na umri gani alipopelekwa Shilo? Alikuta watu wa namna gani huko?

Hana alimpeleka mwanawe alipokwisha kumwachisha ziwa, na katika nyakati zile huenda hiyo ilikuwa miaka mitatu hivi. Mahali penyewe hapakuwa pa kuvutia mtoto. Eli alikuwa mzee, na wanawe wawili walikuwa wakiiba nyama ya dhabihu na kufanya uchafu mlangoni pa hema. Biblia haitaji mtoto hata mmoja wa rika la Samweli aliyekuwako.

Inachotaja ni vazi. Kila mwaka Hana alimshonea vazi dogo akampelekea. Mama asiyemwona mwanawe mwaka mzima angejuaje kipimo? Ilimlazimu kumkuza mawazoni, kidogo kidogo, mwezi kwa mwezi. Mtoto yule alijua kwamba yuko mtu anayemfikiria akiwa mbali, na fungu la 26 linatuambia kwamba alikua akipendwa na Bwana na pia na watu. Mtoto aliye na hakika ya upendo wa nyumbani haendi shuleni kuomba urafiki kama mtu mwenye njaa aombavyo chakula. Anaweza kungoja. Anaweza hata kukataliwa leo na kujaribu tena kesho.

Ndugu waliosoma vitabu vya Roho ya Unabii watauliza: je, dada Ellen White hakushauri mtoto akae nyumbani mpaka afike miaka minane au kumi? Ndiyo, alishauri hivyo mwaka 1872, siku ambazo watoto wadogo walikalishwa saa nyingi katika vyumba visivyo na hewa ya kutosha. Lakini Januari 1904, huko St. Helena, California, jambo hilo lilipoletwa mbele ya halmashauri ya shule ya kanisa, yeye mwenyewe alieleza kwamba shauri lile lilihusu nyumba ambamo wazazi wanawafundisha watoto wao kweli. Pale ambapo watoto wanaachwa wazurure, ni heri wawe na shule inayowafaa.

Kwetu Tanzania sera ya elimu ya 2014 iliufanya mwaka mmoja wa darasa la awali kuwa wa lazima kabla ya darasa la kwanza, na hapa Chunya mama yuko shambani au anauza chakula machimboni tangu alfajiri. Swali la kufaa kuuliza ni lile la vazi: mtoto akiwa shuleni, nani nyumbani anayempima mawazoni?

JUMATATU: Njiani

Soma Mhubiri 4:9–12 na Luka 2:41–46.

Tunapozungumza juu ya marafiki wa shuleni tunafikiria darasa na uwanja. Katika vijiji vyetu urafiki huanza kabla ya kufika huko, njiani. Mtoto wa kijiji hutembea nusu saa, wengine zaidi, na yule anayetembea naye ndiye anayemjua kuliko mwalimu amjuavyo.

Mhubiri 4 husomwa sana harusini, hata wengine hudhani liliandikwa kwa ajili ya maharusi. Lakini fungu la 10 linasema juu ya mtu aangukaye akiwa hana wa kumwinua, na watu wa Matundasi, Itumbi au Makongolosi hawahitaji mhubiri awafafanulie. Mashimo yaliyochimbwa dhahabu na kuachwa wazi hujaa maji ya mvua mwezi huohuo ambao watoto wa miaka sita wanaanza kwenda shule. Juu yake shimo huonekana kama dimbwi la kawaida. Halafu kuna lami. Barabara itokayo Mbeya hadi Chunya na kuendelea Makongolosi imetuletea baraka nyingi, na magari yaendayo kasi pia. Hapa mwenzake wa njiani ni ulinzi, na mtoto asiye na mwenzake yumo hatarini kwa maana halisi ya neno hilo.

Tazama sasa Luka 2:44. Yusufu na Mariamu walitembea mwendo wa siku nzima wakidhani Yesu yumo katika msafara, ndipo wakamtafuta kwa jamaa na wanaowafahamu. Wahubiri wengi huwakaripia wazazi hawa kwa uzembe, nami nadhani tunaharakisha mno. Dhana yao ilikuwa na msingi. Kijana yule wa miaka kumi na miwili alikuwa na watu ambao angeweza kutembea nao kutwa bila mtu kushangaa: binamu, majirani, watoto wa Nazareti. Mwana wa Mungu alikuwa na wenzake wa njiani, na mama yake aliwajua vya kutosha kwenda kuwaulizia mmoja mmoja.

Kwa hiyo mzazi, fanya jambo moja kabla shule haijafunguliwa. Angalia ni mtoto gani wa darasa la tatu au la nne apitaye njia ya kwenu, ukamwendee mama yake jioni. Huhitaji hotuba. “Dada, habari za jioni? Mwanangu anaanza shule Jumatatu. Naomba waende pamoja na wako.” Mara chache mama atakataa. Na yule mkubwa, akiambiwa mbele ya wazazi wote wawili kwamba amekabidhiwa mdogo, hupata heshima ambayo huilinda.

Ni nani anayetembea na mtoto wako? Je, ungeanzia kwa nani kumwulizia kama jioni hii asingerudi?

JUMANNE: Kumbikumbi Mfukoni

Soma Danieli 1. Angalia hasa mafungu ya 8, 9 na 12: Danieli alizungumzaje na watu ambao chakula chao hakuweza kukila?

Hapa tunafika kwenye hofu ambayo wazazi wa Kiadventista huwa nayo lakini huisema kwa sauti ya chini. Mtoto wetu atakaa dawati moja na mtoto ambaye kwao wanalima tumbaku, ambaye baba yake anakunywa pombe, ambaye Jumamosi anacheza mpira. Siku moja mwenzake atatoa mfukoni kumbikumbi waliokaangwa, ampe kwa moyo mweupe. Afanyeje?

Wengine humaliza jambo hili kwa 1 Wakorintho 15:33, fungu linaloonya kwamba mazungumzo mabaya huharibu tabia, wakamkataza mtoto kucheza na yeyote asiye wa kanisa. Lakini lisome fungu hilo mahali lilipo. Paulo anazungumza na watu wazima wa Korintho waliokuwa wakisikiliza wale wakanao ufufuo wa wafu. Mtoto wa darasa la awali agawaye kumbikumbi hakani ufufuo wa mtu. Anataka mtu wa kula naye.

Danieli, Hanania, Mishaeli na Azaria walikuwa wanafunzi wageni katika shule ya mfalme: lugha mpya, majina mapya, meza isiyo yao. Danieli alikuwa ameazimu moyoni. Hilo ndilo jambo la kwanza na halina mjadala. Baada ya kuazimu, aliomba. Hakumwambia mkuu wa matowashi kwamba chakula cha mfalme ni cha makafiri. Aliomba, na alipoona hofu ya yule mkuu aliijali, akamwendea msimamizi na kumpa njia ya kujaribu kwa siku kumi. Mungu alikuwa amekwisha kumpa kibali machoni pa mtu yule, na Danieli hakukitupa kibali hicho kwa ulimi mkali.

Tofauti kati ya mtoto atakayekuwa na marafiki na yule atakayebaki peke yake mara nyingi ni sentensi moja aliyofundishwa nyumbani. Mtoto aliyefundishwa kusema, “Asante, sisi nyumbani hatuli hawa, lakini tucheze,” ameshika Walawi 11 na ameshika rafiki. Aliyefundishwa kusema, “Hao ni najisi, nyinyi mnakula najisi,” ameshika sura ileile, lakini kesho yake hatapewa kitu wala kuitwa mchezoni, na atajifunza kwamba imani ya wazazi wake ndiyo iliyomfanya awe mpweke. Tumewapoteza vijana wengi ambao chuki yao kwa kanisa ilianzia hapo, miaka mingi kabla hawajaacha kuja.

Mfundishe sentensi hiyo jioni, mkiwa mnacheka, wewe ukijifanya mwenzake mwenye kumbikumbi. Ifanyieni mazoezi mara tatu au nne. Mtoto wa miaka sita hawezi kuitunga peke yake katikati ya kundi.

Jambo la pili ni kuufungua mlango wa nyumba. Mzazi anayeogopa ushawishi wa wenzake wa mwanawe na awaalike waje wacheze uani kwake, wapewe miwa au viazi vilivyochemshwa, wasikie wimbo wa ibada ya jioni kama wamechelewa kuondoka. Unachokiogopa kule usikokuona, kilete mahali unapoona.

Sentensi ya mtoto wako ni ipi? Ameipata kwako kwa kufundishwa, au kwa kukusikia ukiwazungumzia majirani?

JUMATANO: Jiwe

Ellen Harmon alizaliwa Novemba 26, 1827, Gorham, katika jimbo la Maine, Marekani, pamoja na pacha wake Elizabeth. Alipokuwa na miaka tisa familia ikiishi Portland, walikuwa wakitoka shule pamoja na mwenzao mwingine. Msichana wa miaka kama kumi na mitatu alikasirishwa na jambo dogo, akawafuata akitishia kuwapiga. Watoto wale walikuwa wamefundishwa wasipigane bali wakimbie nyumbani, wakakimbia. Ellen aligeuka kutazama msichana yuko umbali gani. Jiwe likampiga puani.

Alipoteza fahamu, akalala hivyo kwa majuma matatu. Watu wengi walidhani atakufa. Baba yake, aliyekuwa safarini katika jimbo la Georgia, aliporudi alishindwa kumtambua binti yake, kwa jinsi uso ulivyobadilika. Na hapo ndipo mtoto yule alipopata jeraha la pili, ambalo baadaye aliliandika kwa uchungu: aligundua kwamba wenzake hawamtendei tena kama zamani kwa sababu ya sura yake.

Tunalisimulia sana tukio hili kama utangulizi wa huduma yake. Tulisome leo kama kilivyokuwa, kisa cha mtoto wa shule aliyeumizwa na mwenzake na kisha kutengwa na wengine. Yule ambaye kanisa letu linamtambua kuwa mjumbe wa Bwana aliyajua mambo yanayotokea nyuma ya madarasa yetu wakati wa mapumziko.

Sehemu isiyosimuliwa sana ndiyo ninayotaka mwifikirie. Ellen alipojaribu kurudi shule, mkono ulitetemeka, herufi zikamchezacheza machoni, kizunguzungu kikamshika. Mwanafunzi aliyekuwa amewekwa kumsaidia kuandika alikuwa msichana yuleyule aliyerusha jiwe. Ellen aliandika kwamba msichana huyo alionekana kujuta kweli kila alipoona madhara aliyoyafanya, na kwamba alikuwa mpole na mvumilivu kwake. Masomo hayakuendelea, afya ilikataa. Lakini wawili wale walikaa pamoja kwenye dawati moja, mmoja akimwongoza mwenzake mkono.

Mtoto wako akirudi analia kwamba amepigwa, mambo mawili yanahitajika, na mpangilio wake una maana. Kwanza, asikilizwe na alindwe. Usimwambie “wewe kaa nao tu, Yesu alivumilia.” Nenda kwa mwalimu wa darasa, kwa utulivu, ukaeleze, kama ni mara ya pili, nenda tena. Mtoto wa miaka sita hakuitwa kuwa mfia-dini uwanjani. Pili, baada ya usalama kupatikana, usiufunge mlango kwa yule aliyepiga. Naye ni mtoto. Kuna kitu kilichokuwa kinamuuma yeye pia, na hakuna ajuaye atakayemshika mkono mwanao kesho.

Na kama wewe ndiye mzazi wa aliyerusha jiwe? Habari hizo zikija mlangoni, usianze kwa kumtetea.

ALHAMISI: Aliyekuja Jana

Soma Walawi 19:33, 34 na Mathayo 11:16, 17.

Chunya ni nchi ya wageni tangu watu walipomiminika kutafuta dhahabu ya Lupa katika miaka ya 1920 na 1930. Pamoja na Wakimbu wenyeji, leo kuna Wasafwa, Wanyakyusa, Wanyiha, Wasukuma waliofuata malisho ya ng'ombe, na wafanyabiashara kutoka kila pembe. Darasa la kwanza lina lugha nyingi za nyumbani na lugha moja ya kufundishia. Mtoto wa mfugaji aliyelelewa kwa Kisukuma huingia mahali ambapo kila amri, kila wimbo na kila utani ni Kiswahili. Anaweza kunyamaza muhula mzima. Wenzake humwita mjinga, na pengine mwalimu mwenye watoto mia hana nafasi ya kugundua kwamba sivyo.

Mtoto kama huyo huokolewa na mchezo. Rede, kombolela, kuruka kamba, mdako, chandimu ya mpira wa makaratasi: yote haya huhitaji maneno machache. Mtu akikuita ukae upande wake katika rede, umeshapata rafiki na maneno matano ya Kiswahili siku hiyohiyo. Yesu aliitazama michezo ya watoto sokoni kwa makini kiasi cha kujua kwamba hucheza arusi na hucheza msiba, na kwamba wapo wanaogoma kucheza vyote viwili. Mtu hupata mfano wa namna hiyo kwa kusimama na kuangalia.

Badala ya kumwuliza mwanao kila jioni “umejifunza nini?”, siku nyingine mwulize, “leo nani hakucheza?” Atakutajia. Kisha mwambie kesho amwite huyo. Torati ilipowaagiza Israeli wampende mgeni kama nafsi zao, ilitoa sababu: ninyi pia mlikuwa wageni. Familia nyingi za makanisa yetu hapa zilikuja na mabegi.

Tena wageni hawa huondoka. Panapotokea rashi, habari za dhahabu mahali pengine, familia hufunga vitu usiku na asubuhi dawati liko wazi. Sisi wakubwa humwambia mtoto aliyebaki, “utapata mwingine.” Daudi na Yonathani walipoachana, 1 Samweli 20:41 inasema walilia wote wawili, na hakuna aliyewaambia watapata wengine. Mwache mtoto ahuzunike. Kama kuna namba ya simu ya wazazi wale, wapigie siku moja, wasalimiane.

IJUMAA: Kwa Kujifunza Zaidi

Soma Marko 10:13–16 na Zekaria 8:4, 5. Nabii anapouonyesha Yerusalemu uliorejeshwa, anaweka wazee wenye mikongojo njiani, na wavulana na wasichana wanaocheza. Linganisheni picha hiyo na uwanja wa shule iliyo karibu na kanisa lenu.

Maswali ya Kujadili:

1. Ni watoto wangapi wa kanisa letu walioanza shule mwaka huu? Tutaje majina yao. Je, wako wawili wanaosoma shule moja lakini hawafahamiani kwa sababu mmoja huketi nyuma na mama yake katika Shule ya Sabato?

2. Mzazi mmoja anasema, “Mwanangu ana marafiki wa kanisani, wanamtosha.” Anawaona mara moja kwa juma. Mngemjibu nini kwa upole, na kwa mafungu gani?

3. Mtoto wa jirani ambaye kwao wanalima tumbaku ndiye pekee aliyemkaribisha mwanao siku ya kwanza. Leo amekuja kwenu Ijumaa jioni, jua linazama, anataka kucheza. Familia ifanye nini?

4. Kuna mashimo yaliyoachwa wazi katika njia wanayopita watoto wa kijiji chetu? Nani kati yetu atakwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, na lini?